Saa ya mkono ya bei kubwa: inastahili pesa zake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya nayapata barazani, kwenye harusi, na kwa watu wanaonitumia picha za saa usiku wakitaka jibu kabla muuzaji hajabadilisha nia. Nimeyaandika kama yanavyokuja. Bei za saa hizi hutangazwa kwa dola, kwa hiyo nimeziacha hivyo hivyo. Panapohitaji shilingi nimehesabu dola moja kwa 2,500 ili hesabu iwe nyepesi.

Nijibu kwa mkato: saa ya dola elfu tisa inastahili?

Ukitaka kujua saa ngapi tu, haistahili. Ukiwa unaipenda kazi ya ufundi iliyomo ndani, pesa unazolipa hazina mwenyewe mwengine (si ada ya skuli, si deni, si haki ya mtu), na unajua ni fundi gani ataifungua siku itakaposimama, basi inaweza kustahili. Watu huyafikiria hayo mawili ya mwanzo na kulisahau la fundi. Kwa sisi tunaoishi visiwani, hilo la fundi ndilo linaloamua mambo, na nitalirudia huko chini kwa urefu.

Dola elfu tisa ni shilingi milioni 22 na nusu. Mtu anayepata shilingi 500,000 kwa mwezi atafanya kazi miezi 45 bila kula, bila kupanda daladala, bila kumpa mama yake chochote, ndipo azifikishe. Na hiyo inakaribia tu bei ya kuanzia ya Rolex Submariner ya chuma. Hatujafika kwenye dhahabu.

Lakini ya bei kubwa si ndiyo inayokwenda sawasawa zaidi?

Hapa wengi hushangaa. Saa ya betri ya bei ndogo huenda sawasawa kuliko saa ya ufunguo ya bei kubwa.

Ndani ya saa ya betri mna kijiwe cha kwatzi ambacho umeme mdogo hukifanya kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde, na saketi ndogo huihesabu mitetemo hiyo. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo nusu ya wanafunzi wa Unguja wameshaivaa, kiwanda chake kinasema itapotoka kwa sekunde 30 kwa mwezi. Nyingi za betri zilizo bora kidogo hupotoka sekunde 15 tu.

Saa ya ufunguo haina umeme. Ina springi iliyojikunja, magurudumu ya meno, na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi. Katika saa nyingi za leo gurudumu hilo hupiga mara 8 kwa sekunde, yaani mapigo 691,200 kwa siku. Kila pigo likipotoka kidogo sana, jioni utaona tofauti. Kipimo rasmi cha Uswisi cha saa bora, kinachosimamiwa na taasisi iitwayo COSC, kinaruhusu ichelewe sekunde 4 au ikimbie sekunde 6 kwa siku. Rolex wamejiwekea sekunde 2 kwa siku, na hiyo ni kazi ya kupigiwa mfano kwa chombo kisicho na betri. Hata hivyo, sekunde 2 kwa siku ni dakika nzima kwa mwezi, mara mbili ya ile Casio.

Hili halikuwa hivi zamani. Saa ya mwanzo ya mkono ya kwatzi, Seiko Astron, ilitoka Japani tarehe 25 Disemba 1969 na iliuzwa yen 450,000, bei ya gari dogo wakati ule. Haikuchukua muda teknolojia hiyo ikawa rahisi, na viwanda vya Uswisi vikaanza kufungwa. Wafanyakazi wa saa huko walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 40,000. Kampuni zilizosalimika zilijua haziwezi tena kushindana kwa usahihi. Zikaanza kuuza ufundi, uzuri na jina. Ukilielewa hilo, bei za leo hazitakutatiza.

Basi pesa zote hizo zinakwenda wapi?

Sehemu inakwenda kwenye kazi ya kweli. Vyuma hukatwa kwa vipimo vidogo sana, kingo husuguliwa mpaka ziakisi mwanga, magurudumu hupambwa pahala ambapo mvaaji hataona mpaka kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Kwa kampuni kama Patek Philippe ya Geneva, iliyoanza mwaka 1839, au Audemars Piguet ya Le Brassus, iliyoanza 1875, saa moja yenye kalenda ya kudumu inajua mwezi wa siku 28 na wa siku 31 kwa magurudumu matupu. Anayejua vyombo akiitazama kazi hiyo anaiheshimu, nami naiheshimu.

Sehemu nyengine ni madini. Dhahabu ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu halisi, na hiyo ina bei yake kwa sonara yeyote wa Mkunazini. Lakini pima uzito wa dhahabu iliyomo kwenye saa ya dola elfu arubaini, ulinganishe. Utaona dhahabu ni sehemu ndogo ya bei.

Kisha kuna mishahara ya Uswisi, maduka yenye mazulia kwenye mitaa ghali ya dunia, wachezaji tenisi na madereva wa mashindano wanaolipwa kuivaa. Sheria ya Uswisi tangu 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji zifanyike nchini humo ndipo saa iandikwe imetengenezwa Uswisi. Maana yake hata saa yenye maneno hayo inaweza kuwa na vipande vya kwengine.

Sehemu ya mwisho, na kwa majina makubwa naiona ndiyo nene kuliko zote, ni jina na uhaba unaopangwa. Rolex wanakadiriwa kutengeneza karibu saa milioni moja kwa mwaka. Hicho si kitu adimu. Lakini aina fulani zinatolewa chache kuliko wanaozitaka, watu wanaandikishwa na kusubiri, na kusubiri huko kunawafanya wazitake zaidi. Mwaka 1972 Audemars Piguet walitoa Royal Oak, saa ya chuma iliyouzwa ghali kuliko saa nyingi za dhahabu za siku zile. Watu waliishangaa. Leo ndiyo inayoibeba kampuni.

Kwani wazee si wanasema rahisi huvunja upishi?

Wanasema, na kwa saa ni kweli mpaka kiwango fulani. Saa ya shilingi elfu kumi ya kupangwa mezani Darajani itakupa miezi, kisha rangi itabanduka na mkono utaanza kuwasha kwa sababu ya chuma chake duni.

Ukipanda hadi dola 200 au 300, yaani shilingi 500,000 hadi 750,000, unapata chuma cha pua cha kweli, kioo kigumu, na mashine iliyojaribiwa na mamilioni ya watu. Seiko 5, ukoo wa saa ulioanza mwaka 1963, bado uko hapo. Haina haja ya betri. Hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wako. Kiwanda kinakubali ipotoke hadi sekunde 45 kwa siku, ingawa nyingi hufanya vyema zaidi ya hapo. Citizen wana saa za Eco-Drive zinazokula mwanga wa jua, na sisi jua tunalo la kutosha mwaka mzima. Kwa mtu anayetaka saa moja ya kudumu, sahihi, isiyomsumbua, hii ya jua ndiyo ninayomshauri kwanza kabla ya kutaja kitu chochote cha Uswisi.

Juu ya dola elfu moja, kila dola unayoongeza inakununulia uzuri mdogo kuliko iliyotangulia. Juu ya dola elfu tano, kwa macho ya mvaaji wa kawaida, tofauti iliyobaki ni jina.

Nimeambiwa Rolex ni akiba kama dhahabu. Ni kweli?

Swali hili linaniumiza, kwa sababu wanaoliuliza mara nyingi ni vijana wenye pesa zao za mwanzo. Hapana, si kama dhahabu.

Mama mwenye bangili za dhahabu akipatwa na dharura asubuhi, adhuhuri ameshafika kwa sonara, zimepimwa, amepewa pesa. Bei ya gramu inajulikana dunia nzima siku hiyo hiyo. Saa haina bei ya namna hiyo. Bei yake inategemea aina, mwaka, kama sanduku na karatasi zake zipo, kama imesuguliwa, kama kipande chochote kimebadilishwa, na zaidi ya yote, kama mnunuzi yupo. Hapa Unguja mnunuzi wa saa ya milioni 22 humpati kwa siku moja. Utaipeleka Dar, au utampa mtu anayekwenda Dubai, na kila mkono unaopita unachukua chake.

Ni kweli kwamba aina chache, kama Rolex Daytona ya chuma, zimekuwa zikiuzwa mitumba kwa bei ya juu kuliko ya dukani. Wakati wa korona bei za mitumba zilipaa sana. Mwanzoni mwa 2022 zilifika kileleni, halafu zikaanguka, na walionunua siku hizo wakidhani wanaweka akiba walibaki na hasara. Saa nyengine nyingi za Uswisi, ukitoka nazo dukani tu, zimeshapoteza sehemu kubwa ya bei.

Watu hunitajia Daytona ya Paul Newman, mchezaji filamu wa Marekani, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Iliuzwa hivyo kwa sababu ilikuwa mkononi mwake yeye. Ya kwako haitakuwa na hadithi hiyo. Ukitaka akiba, nunua dhahabu, au shamba lenye hati, au mashine ya boti. Saa inunue kwa kuivaa.

Nimepata zamu yangu ya upatu. Ninunue?

Usinunue. Pesa ya upatu ni deni uliloanza kulilipa kabla hujalichukua, na bado una michango ya wenzako mbele yako. Ndivyo ilivyo na mkopo wa mshahara, na ndivyo ilivyo na kumwambia ndugu aliyeko nje akutangulizie. Saa ya anasa ikinunuliwa kwa pesa ya kukopa, riba inaendelea na mkanda unachakaa.

Mchumba anataka kumpa bwana harusi saa ya jina kubwa. Tufanyeje?

Zungumzeni bei kwa uwazi, mapema. Nimeona familia mbili zikinunua kopi kwa siri kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema haina uwezo, na bwana harusi akaigundua mwenyewe kwa fundi. Citizen au Seiko halisi yenye risiti, iliyochongwa tarehe ya harusi nyuma, ni zawadi kamili. Hakuna mgeni atakayeuliza zaidi ya hapo.

Joto, jasho na chumvi ya kwetu zinaathiri nini?

Mengi, na haya maduka ya nje hayakuambii kwa sababu hawaishi hapa.

Kwanza elewa maandishi ya maji. Saa iliyoandikwa mita 30 haimaanishi utazamia mita 30. Inavumilia matone ya mvua na kutawadha. Mita 50 inavumilia kuoga kwa tahadhari. Kuogelea Nungwi au kwenda na wavuvi, taka mita 100 na zaidi, yenye kitufe cha ufunguo kinachoskurubiwa. Kinachozuia maji ni vipete vya mpira, na mpira unachoka. Kwa hali ya hewa ya hapa, vipete vikaguliwe kila mwaka au miwili, hata kama saa inakwenda vizuri. Usivute wala kusukuma kitufe ukiwa ndani ya maji.

Ukitoka baharini, ioshe kwa maji baridi ya bomba. Chumvi ikikaukia kwenye viungo vya mkanda wa chuma inakula polepole, na hata chuma cha pua kinaweza kufanya vitobo kwenye pembe zisizopata hewa. Rolex wanatumia chuma cha daraja la 904L kinachostahimili zaidi. Wengi wengine wanatumia 316L, ambacho kinatosha kabisa ukiosha.

Ukitoka juani ukaingia ofisi yenye kiyoyozi kikali na kioo kikaingia ukungu kwa ndani, mvuke umeshaingia. Usingoje. Ipeleke siku hiyo hiyo, maana kutu huanza kwenye vyuma vidogo kuliko unywele.

Mkanda wa ngozi hapa hauna maisha. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, unaota ukungu ndani ya kabati. Jasho linaugeuza rangi na harufu. Mwenye saa ya mkanda wa ngozi aweke wa nailoni au wa mpira kwa siku za kawaida, ule wa ngozi auweke kwa Iddi na harusi. Manukato ya mafuta, udi wa kupaka na atari, yasiguse mkanda wala vipete.

Kwa ndugu zangu wa Pemba: msimu wa karafuu vueni saa zenu nzuri. Kikonyo hukwaruza kioo cha plastiki, na mafuta ya karafuu, kama yale yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, huharibu baadhi ya plastiki.

Fundi wa hapa anaweza kuitengeneza saa ya Uswisi?

Hili ndilo ninalotaka lisomwe kuliko yote.

Saa ya ufunguo lazima ifunguliwe kabisa, isafishwe na kutiwa mafuta mapya. Kampuni nyingi husema kila miaka 5 hadi 8. Rolex husema karibu miaka 10. Mafuta yale ni matone machache, ya aina tofauti kwa pahala tofauti, na yakikauka vyuma vinasagana. Kwa Rolex kazi hiyo kwa mafundi wa kampuni huanzia karibu dola 800, yaani shilingi milioni 2. Kwa saa yenye kalenda ya kudumu ni mara kadhaa ya hapo. Hesabu hiyo iingize kwenye bei tangu siku ya kununua.

Mafundi saa wetu, wale wenye meza ndogo za kioo Darajani na Mlandege, na wa Chake Chake, wana mikono mizuri. Nimewaona wakifufua Seiko za miaka ya 1970 ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Wanabadilisha betri, vioo, vipete, mikanda, springi. Tatizo la saa za majina makubwa liko kwingine: kampuni nyingi za Uswisi hazimuuzii vipuri fundi asiyekuwa na mkataba nazo. Hata awe hodari namna gani, kipande halisi hakipati. Akitumia cha kuchonga au cha kopi, saa itakwenda, lakini thamani yake ya mitumba imeanguka, na kituo cha kampuni kinaweza kukataa kuigusa.

Kwa hiyo saa hiyo itasafiri. Itakwenda Dubai au Ulaya mkononi mwa mtu unayemwamini, itakaa miezi, nawe utakuwa huna saa. Wengine hawaipeleki kabisa. Wanaivaa mpaka isimame, kisha inakaa kabatini na kuwa kitu cha kuoneshwa wageni.

Linganisha na Seiko yenye mashine ya aina ya NH35 au ndugu zake. Ikiharibika sana, fundi wa Mlandege anaweza kuitoa mashine nzima na kuweka mpya ambayo ukiiagiza haifiki dola 50. Mchana umemaliza. Mimi nikimpimia mtu thamani ya saa, umbali kati ya mkono wake na fundi wake nauweka mbele ya jina lililoandikwa usoni.

Kabla hujanunua, fanya hivi: nenda kwa fundi wako na picha ya saa unayoitaka, umuulize kama ameshawahi kuifungua aina hiyo na vipuri atavipata wapi. Fundi mkweli atakwambia. Akisema hawezi, mpe heshima yake na uamini.

Saa yangu ya ufunguo imeanza kukimbia dakika nyingi ghafla. Imekufa?

Pengine imeshika sumaku. Vifuniko vya simu vyenye sumaku, spika, milango ya mafriji, vyote hufanya hivyo. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku atamaliza kwa dakika moja, na bei yake iwe ndogo.

Nitaijuaje feki?

Zamani walisema mshale wa sekunde ukiteleza bila kurukaruka ni halisi. Hiyo imepitwa na wakati. Kopi nyingi za leo zina mashine ya ufunguo na mshale unateleza vile vile. Uzito pia hautoshi, na karatasi na sanduku vinaghushiwa.

Njia ninayoiamini ni kifuniko cha nyuma kufunguliwa na fundi anayeijua aina hiyo, mbele ya macho yako, kabla ya pesa kubadilisha mkono. Muuzaji akikataa, ondoka. Na bei ikiwa nusu ya bei ya kawaida, hujapata bahati. Kijana anayekuuzia Rolex Forodhani kwa laki mbili anauza kopi na wewe unajua. Kuivaa kopi na kuwaambia watu ni halisi kuna uongo ndani yake, na mtu anayetaka saa nzuri hana haja ya kujiingiza huko.

Babu alipewa saa Maskati, ina picha ya jambia usoni. Tuisugue ing'are?

Msiiguse! Sultan Qaboos, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia, nyingi kupitia duka la Asprey la London, na kuzitoa zawadi kwa watumishi na wageni. Kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu zina watu Maskati, zipo zilizofika Unguja na Pemba. Wakusanyaji wa dunia wanazitafuta sana.

Thamani yake iko kwenye uso uliobaki kama ulivyotoka. Ukisuguliwa, ukipakwa rangi upya, au fundi akibadilisha uso kwa kuwa umepauka, mmepoteza sehemu kubwa ya pesa kwa asubuhi moja. Msilisugue kasha lake. Wekeni picha za babu akiwa ameivaa, barua, risiti, chochote. Kisha ipigeni picha na kutafuta maoni ya nyumba ya mnada inayojulikana, zaidi ya moja, kabla ya kukubali bei ya yeyote anayekuja nyumbani na pesa taslimu.

Mwanamme kuvaa saa ya dhahabu?

Dhahabu kwa wanaume wa Kiislamu ni haramu, na saa imo. Kuna za chuma, titani na platini. Ile iliyochovywa dhahabu kidogo, muulize sheikh wako; wanavyuoni wana maneno yao kuhusu kiasi.

Saa inatolewa zaka? Na nikifa, naweza kumwachia mwanangu mkubwa?

Saa ya chuma unayoivaa haina zaka. Ukinunua saa kwa ajili ya kuuza, hiyo ni mali ya biashara, na ikifika kiwango na mwaka ukapita inatolewa asilimia 2.5. Saa ya dhahabu ina ufafanuzi wake kwa madhehebu yetu, hasa ikiwa mwenyewe ni mwanamme. Ofisi ya Mufti hujibu maswali haya.

Kuhusu kurithisha: matangazo ya saa hupenda baba na mwana. Kwa mirathi yetu, saa ni sehemu ya mali ya marehemu na inagawiwa kwa warithi wote. Wasia kwa mrithi haupiti mpaka wenzake waridhie, na kwa asiyekuwa mrithi hauzidi theluthi moja ya mali. Saa ya milioni 22 inaweza kuwa ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote alivyoacha mtu baada ya nyumba, na haigawanyiki. Nimeona ndugu wakinyimana salamu kwa jambo kama hilo. Ukitaka iwe ya mtoto fulani, mpe ukiwa hai na mzima, mbele ya mashahidi, aichukue kabisa mkononi mwake. Na uwaangalie na wengine kwa uadilifu. Yakishatokea, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulikia ugawaji wa mirathi.

Saa za skrini zinazohesabu hatua?

Ni simu ndogo. Nunua kwa kazi yake, na usitarajie kuivaa miaka kumi, maana betri yake itachoka na programu yake itaachwa.

Ninayo tayari, nzuri, imelala kabatini miaka. Niivae?

Ivae, lakini pitia kwa fundi kwanza. Ikiwa ya betri, leo hii itoe betri iliyokufa, kwa sababu ikivuja inakula saketi. Ikiwa ya ufunguo na imesimama muda mrefu, usiikaze kwa nguvu. Mafuta yamekauka, isafishwe kabla haijaanza kazi. Wakati huivai, iweke kwenye kopo lenye mfuniko na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kila masika yakiisha. Mkanda wa ngozi uweke mbali nayo.